Mtihani wa Mlinzi wa Siri: Cheti cha Usalama wa Mtandao na Biashara ya Uaminifu

Tangu Wizara ya Ulinzi ya Marekani itoe mwongozo wake wa Desemba 2005, uliojulikana kwa namba 8570, mtu aliyekabidhiwa funguo za mifumo ya kompyuta ya jeshi la nchi hiyo alitakiwa kuonyesha cheti. Awe koplo wa jeshi la nchi kavu, awe mtumishi wa kiraia, awe kijana aliyeajiriwa na kampuni yenye zabuni, sharti lilikuwa moja. Barua ya mkuu wake wa kazi haikutosha. Kwa miaka mingi hata shahada ya chuo kikuu peke yake haikutosha. Kilichotakiwa ni cheti cha mtihani uliotungwa na chombo kilicho nje ya serikali, ambacho jina lake limo katika orodha iliyotangazwa hadharani na wizara yenyewe.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wengi sasa wanavitafuta vyeti hivyo hivyo kwa fedha zao, wakiamini kwamba vitawafungulia milango ya ajira serikalini, hapa nyumbani na ng'ambo. Pili, matangazo ya kazi za TEHAMA katika taasisi zetu za umma yameanza kuvitaja vyeti hivyo kama sifa ya ziada, bila mjadala wowote wa umma kuhusu maana ya kufanya hivyo. Tunachukua desturi ya nchi nyingine kipande kipande, na ninahofia kwamba tunachukua kipande kibovu.

Tuanze na mtihani wenyewe, kwa sababu wengi huuzungumzia bila kuufahamu. Cheti kinachotafutwa zaidi na wanaoanza ni Security+ cha CompTIA. Mtihani wake hauzidi maswali 90, na mtahiniwa ana dakika 90. Baadhi ya maswali ni ya kuchagua jibu, mengine humpa kazi ndogo ya kutenda kwenye skrini, kwa mfano kupanga kanuni za ukuta wa kuzuia wavamizi au kusoma kumbukumbu za seva na kutambua kilichotokea. Ufaulu ni alama 750 katika kipimo kinachoanzia 100 na kuishia 900. Kwa bei ya Marekani, kuufanya mara moja ni zaidi ya dola 400; ukishindwa, unalipa upya. Ukifaulu, cheti hudumu miaka mitatu. Ndani ya miaka hiyo unapaswa kukusanya pointi 50 za kujiendeleza na kulipa ada ya kila mwaka, la sivyo kinakufa.

Juu yake kuna ngazi nyingine. CISSP cha taasisi ya ISC2 huhitaji miaka mitano ya uzoefu wa kazi, na mtihani wake nchini Marekani umekuwa ukiuzwa kwa dola 749. Mwongozo wa 8570 uliwapanga watu katika ngazi tatu za ufundi na tatu za usimamizi, na kila ngazi ikapewa vyeti vyake. Security+ kilimfikisha mtu ngazi ya pili ya ufundi. Ndiyo maana kikawa kama kitambulisho cha getini.

Lazima tukiri uzuri uliomo. Mfumo ule uliandika hadharani nani anahitaji nini. Mtoto wa mkulima kutoka Mississippi na mtoto wa seneta waliomba kazi moja mbele ya orodha moja. Mkuu wa kikosi hakuweza kumweka mpwa wake kwenye chumba cha seva kwa sababu tu ni mpwa wake. Mkaguzi angeuliza cheti. Waliokuwa tayari kazini walipewa miezi sita tangu kupangiwa jukumu hilo wawe wamefaulu, na serikali ikagharimia mitihani ya askari na watumishi wake. Wa makampuni ya zabuni hawakupewa muda huo: walitakiwa kuingia na cheti mkononi siku ya kwanza ya mkataba. Mstaafu wa jeshi anaweza kurudishiwa hadi dola 2,000 kwa mtihani mmoja kutoka katika mafao yake ya elimu. Sisi tunaoishi mahali ambapo swali la kwanza kuhusu nafasi ya kazi ni “unamjua nani pale?” hatuna haki ya kulidharau jambo hilo.

Lakini serikali inapomlazimisha mtu kununua kitu kutoka kwa muuzaji binafsi, inamjengea muuzaji huyo soko lisilo na wasiwasi. Historia ya CompTIA ni somo zuri la uchumi wa kisiasa, na sijui kwa nini wachumi wetu hawalifundishi. Kwa muda mrefu cheti chake kilikuwa cha maisha: ukifaulu umefaulu. Mwezi Januari 2010 taasisi hiyo ilitangaza kwamba vyeti vitakuwa na ukomo, hata vile vilivyokwisha kutolewa. Ghasia za wenye vyeti zikailazimisha kurudi nyuma kidogo, ikakubali kwamba waliofaulu kabla ya mwaka 2011 wabaki navyo daima. Hata hivyo, kwa kazi za wizara ya ulinzi cheti hicho cha maisha hakikufaa; mtu alitakiwa kuwa na kile kinachohuishwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17024, kinachotaka umahiri wa mtu uthibitishwe tena baada ya muda. Hoja hiyo ina mantiki, maana mbinu za wadukuzi hubadilika. Ila mantiki hiyo hiyo iligeuza cheti kuwa kama kodi ya pango.

Sasa tazama kilichofuata. Kwa miongo kadhaa CompTIA ilikuwa chama kisichogawa faida. Novemba 2024 ilitangazwa kwamba biashara yake ya mafunzo na vyeti, pamoja na jina lenyewe, inanunuliwa na makampuni mawili ya uwekezaji binafsi, Thoma Bravo na H.I.G. Capital. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mauzo yakakamilika, na chama kilichobaki kikachukua jina jingine. Kwa maneno mengine, lango ambalo dola ilijenga kwa amri yake sasa lina mwenye nyumba, na mwenye nyumba huyo ana wawekezaji wanaosubiri faida. Sisemi kwamba mtihani umeharibika siku hiyo. Nasema kwamba tangu siku hiyo swali la bei ya mtihani si la kielimu tena, na mbunge yeyote mwenye akili anapaswa kulisikia likigonga mlango.

Pembeni ya soko halali pana soko la giza. Kuna tovuti zinazouza maswali yaliyoibwa kutoka katika vyumba vya mitihani, na mtu anaweza kuyakariri kwa wiki mbili akafaulu bila kuwahi kusimamia hata seva moja. Watahiniwa huwekeana mkataba na mtoa mtihani kwamba hawatafanya hivyo, na anayekamatwa hunyang'anywa cheti. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia mitihani ya kitaifa katika nchi hii anajua uzito halisi wa mkataba wa namna hiyo.

Je, mtihani umeleta usalama? Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo.

Mwaka 2013 Edward Snowden, mfanyakazi wa kampuni ya Booz Allen Hamilton iliyokuwa na zabuni katika Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, aliondoka Hawaii na nyaraka za siri na kuwakabidhi waandishi wa habari. Alikuwa amepita upekuzi. Pia alikuwa na cheti cha “mdukuzi mwenye maadili” kinachotolewa na EC-Council, mojawapo ya vyeti vilivyoingizwa katika orodha ya 8570. Februari 2014 wavamizi waliiingilia tovuti ya EC-Council yenyewe na kubandika juu yake picha ya pasipoti ya Snowden, aliyowahi kuwasilisha alipoomba mtihani. Taasisi inayowapa watu vyeti vya kuzuia udukuzi ikadukuliwa, na ushahidi ukawa pasipoti ya mwanafunzi wake mashuhuri kuliko wote. Kuna vichekesho ambavyo mtunzi akivibuni, mhariri atavikata kwa kuzidisha chumvi.

Ukimwona Snowden kama msaliti au kama shujaa, kuhusu jambo ninalolijadili hitimisho ni lile lile. Cheti kilithibitisha kwamba anajua kazi. Hakikusema lolote kuhusu atakachofanya siku dhamiri yake itakapogongana na maagizo ya wakubwa. Hakuna mtihani wa dakika 90 unaoweza kulisema hilo.

Mfano wa pili una uzito zaidi, ingawa haukutengenezewa filamu. Juni 2015 Ofisi ya Usimamizi wa Watumishi ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imeingiliwa, na baadaye ikabainika kuwa taarifa za watu milioni 21.5 zilizokusanywa kwa ajili ya upekuzi zilichukuliwa, zikiwemo alama za vidole za watu milioni 5.6. Hebu fikiria ni taarifa gani hizo: madeni ya mtu, magonjwa yake ya akili, ndugu zake walioko nje, majirani aliowataja kama wadhamini. Wote waliojaza fomu ili waaminiwe na dola, wakiwemo wanajeshi, waliwekwa wazi na dola hiyo hiyo. Ofisi ile ni ya kiraia na haikuwa chini ya mwongozo wa wizara ya ulinzi, hivyo si haki kuutupia mwongozo ule lawama zote. Lakini sababu za uvamizi zinafundisha. Wavamizi walitumia utambulisho wa mfanyakazi wa kampuni ya zabuni, na mifumo mingi haikuwa ikidai uthibitisho wa pili baada ya nenosiri. Wakaguzi wa ndani walikuwa wameonya mwaka uliotangulia kwamba baadhi ya mifumo inaendeshwa bila idhini halali ya kiusalama. Waliokuwa na utaalamu walijua. Waliokuwa na madaraka ya kutenga fedha na kuzima mifumo mibovu hawakutenda. Mkurugenzi wa ofisi alijiuzulu Julai mwaka huo, na hakuna cheti cha fundi ambacho kingemfanya afanye uamuzi mapema zaidi.

Kwa hiyo Wamarekani wenyewe wameanza kuurekebisha mfumo wao. Mwongozo mpya, namba 8140.03 wa Februari 2023, unauondoa ule wa zamani. Badala ya kupanga watu katika ngazi chache, unaanza na orodha ya majukumu halisi ya kazi, na kwa kila jukumu unaeleza ujuzi unaotakiwa. Msingi wa ujuzi unaweza kuthibitishwa kwa cheti, au kwa elimu ya chuo, au kwa mafunzo yaliyokubaliwa. Kisha mtu hupimwa akiwa kazini, na msimamizi wake anathibitisha kwamba anaweza kuitenda kazi ile mahali pale. Ilichukua zaidi ya miaka 17 kufika hapo. Wizara hiyo, ambayo tangu Septemba 2025 imeruhusiwa na Rais wake kujiita pia Wizara ya Vita, imekiri kimyakimya kwamba cheti ni mlango mmoja kati ya milango kadhaa.

Nirudi kwa vijana wetu. Wapo Watanzania na Wakenya wengi wanaoishi Marekani, na miongoni mwao wapo waliovua aproni za kuhudumia wazee na madereva walioacha malori wakaenda kusomea Security+. Ni njia halali na yenye heshima, na kwa kazi za makampuni ya kawaida imewafaa wengi. Lakini wanafunzi wangu wameniletea matangazo yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yanayoahidi kwamba cheti hicho ni “tiketi ya Pentagon”. Kuna jambo ambalo matangazo hayo hayalisemi. Kazi nyingi za namna hiyo zinahitaji kibali cha kuona siri za serikali, na kwa amri ya rais namba 12968 ya mwaka 1995, kibali hicho hutolewa kwa raia wa Marekani, isipokuwa katika mazingira machache yenye mipaka finyu. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kujiunga na jeshi la Marekani. Kupewa kibali cha siri ni habari nyingine. Na hata raia hawezi kujiombea kibali mwenyewe: lazima mwajiri au taasisi ya serikali imdhamini. Kijana wa Mbagala au Kisauni anayelipa mtihani ili akafanye kazi katika jeshi la Marekani bila uraia wala mdhamini ananunua ufunguo wa nyumba ambayo hajaruhusiwa kuingia uani kwake.

Zaidi ya dola 400 ni zaidi ya shilingi 50,000 za Kenya, na kwa Tanzania inakaribia au kupita milioni moja, kutegemea bei ya dola. Hata panapokuwa na punguzo, hiyo ni ada ya muhula kwa familia nyingi. Kama unakisomea ili ujifunze, au kwa sababu benki au kampuni ya simu unayoiomba kazi inakitaka, kisomee kwa bidii. Uliza kwanza mwajiri ni nani.

Na mwajiri serikali? Julai 2023 jukwaa la eCitizen la Kenya, linalobeba maelfu ya huduma za serikali, lilizidiwa na mashambulizi ya kundi lililojiita Anonymous Sudan. Watu walikwama kuomba viza na kulipia huduma, hadi waziri mhusika akajitokeza kukiri shambulio na kusema kwamba hakuna taarifa zilizopotea. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliweka wazi hati ya mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na shughuli za kundi hilo. Kesi ilipata makao California. Wananchi waliokwama Nairobi na Kisumu walipata taarifa kwa vyombo vya habari.

Tanzania nayo imeweka karibu kila kitu mtandaoni: malipo ya serikali kwa namba ya kumbukumbu, vitambulisho vya taifa, ajira, mizigo ya bandarini. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya 2019, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria ya 2015 tumeitumia kwa wepesi dhidi ya watu walioandika maneno mitandaoni. Ninachotaka kukiona kwa wepesi huo huo ni waraka wa utumishi unaosema hadharani: katika halmashauri, hospitali ya mkoa na wizara, nani anashika nenosiri la msimamizi, anatakiwa kujua nini, nani amempima, na atapimwa tena lini.

Hicho ndicho kipande cha mfumo wa Marekani kinachostahili kuazimwa, yaani wajibu ulioandikwa, unaomfunga mkubwa na mdogo na kumfunga pia mkandarasi aliyeshinda zabuni ya kutujengea mfumo. Orodha ya vyeti vya kununua ndicho kipande cha kuacha. Tukiweka Security+ au CISSP kama sharti la ajira ya umma bila serikali kulipia, tutakuwa tumeweka ada ya dola mlangoni mwa utumishi wa umma. Watakaopita ni wale ambao wazazi wao walikuwa na dola. Tena kila baada ya miaka mitatu tutapeleka nje fedha za kigeni ili kuthibitisha kwamba watu wetu wanaweza kulinda taarifa zetu.

Nitaambiwa kwamba vyeti hivyo vinatambulika duniani kote na mtihani wa kwetu hautatambulika. Ni kweli, lakini afisa TEHAMA wa halmashauri ya Kilwa hahitaji kutambulika duniani kote. Anahitaji kutambulika na mkurugenzi wake siku anapomwambia kwamba mfumo huu hauwashwi mpaka urekebishwe, na awe na waraka wa kumkinga asihamishwe kwa kusema hivyo. Nitaambiwa pia kwamba hatuna wataalamu wa kutunga mtihani. Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa usalama wa mtandao kila mwaka, na kitengo cha kukabiliana na majanga ya mtandao kilichoko chini ya TCRA kinashughulikia matukio halisi ya nchi hii. Mtihani wa CompTIA hautolewi kwa Kiswahili. Sina ugomvi na hilo, maana hawakututungia sisi.

Mtihani wetu ungeuliza mambo yetu, na kwa lugha ambayo mtunza kumbukumbu wa hospitali anaielewa. Mtu anayejitambulisha kwa simu kuwa anapiga kutoka ofisi ya Katibu Mkuu anataka nenosiri “haraka, mzee anasubiri”: unafanya nini, na unaripoti kwa nani? Mtumishi aliyestaafu Juni bado anaingia katika mfumo wa mishahara mwezi Septemba: kosa ni la nani kati ya watatu hawa? Umeme umekatika, nakala za akiba ziko kwenye diski ndani ya droo ya mhasibu, na droo haina kufuli. Mkandarasi anaomba aachiwe njia ya kuingia kwenye mfumo akiwa kwake nyumbani ili “asiwasumbue” kila tatizo linapotokea. Mwalimu wa chuo na afisa wa Mamlaka ya Serikali Mtandao wakikaa pamoja likizo moja wanaweza kutunga maswali 90 ya namna hiyo, wakayajaribu katika halmashauri tatu au nne, na matokeo yakawa mezani kwa kamati ya Bunge kabla ya bajeti ijayo.